Maana ya Kufungwa Bure: Sheria, na Ushuhuda wa Njia ya Tabora

Katika maneno yasikikayo barazani na vijijini, ni machache yatamkwayo kwa uchungu kama haya: "Fulani amefungwa bure." Wasemao hivyo wana maana kwamba mtu huyo hakutenda kosa aliloshtakiwa. Wanasheria nao wana kosa walitajalo kwa jina lililo karibu na hilo, yaani kifungo cha dhuluma. Lakini maana yao si ile ya watu wa kijijini. Mtu asiye na hatia aweza kutiwa gerezani, na sheria isione hapo kifungo cha dhuluma. Na mwizi halisi, aliyeshikwa na mali mkononi, aweza kufungiwa chumbani, na sheria ikamdai fidia yule aliyemfungia. Jambo hili huwashangaza wengi, na kutolijua kumewatia hasarani watu wenye nia njema, wakiwamo walimu na wazee wa kanisa. Kwa hiyo tumeona vema kulieleza. Na katika kulieleza tutaifuata njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ya Bagamoyo ikafika Tabora, na kutoka Tabora ikaenda Ujiji. Maana katika njia hiyo watu walizuiwa na kushikwa na kufungwa kwa namna nyingi, nasi twaweza kuzipima namna hizo moja moja.

Kwanza tuyatazame maneno. Lugha yetu ina tendo moja, kufunga, nalo lina kazi nyingi: mlango hufungwa, mzigo hufungwa, njia hufungwa, mtu mwenye saumu hufunga, na mtu mwenye kesi hufungwa. Lakini kwa vyombo vya kumfungia mtu, lugha haikuwa maskini. Kulikuwa na kamba. Kulikuwa na pingu za mikono na za miguu. Kulikuwa na mkatale, yaani gogo lenye matundu ya kutilia miguu. Kulikuwa na mnyororo wa shingoni uliowaunganisha watu wengi katika mstari mmoja. Na kulikuwa na kongwa, yaani mti mrefu wenye panda, ambao panda yake ilitiwa shingoni mwa mateka na kufungwa, asiweze kuutoa kwa mikono yake mwenyewe. Ama neno gereza, hilo si la asili yetu. Wataalamu wa lugha hulitoa katika neno la Kireno, igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Ngome ya Unguja ilijengwa na Waarabu wa Oman mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, kisha wafungwa wakawekwa humo. Ngome ya Yesu ya Mombasa nayo ilikuwa gereza la serikali tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958. Hivyo jina la nyumba ya sala likageuka kuwa jina la nyumba ya minyororo. Tutarudi kwa neno hili kabla ya kumaliza.

Sasa tuitazame sheria yenyewe. Ilitoka Uingereza, wala haikuandikwa na Bunge la huko, bali ilijengwa kidogo kidogo na hukumu za majaji kwa karne nyingi. Katika Tanganyika ilipata nguvu kwa amri ya mfalme ya mwaka 1920, iliyoagiza kwamba sheria ya Uingereza, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, ifuatwe hapa kwa kadiri hali ya nchi na ya watu wake inavyoruhusu. Kosa la kifungo cha dhuluma lina nguzo tatu. Ya kwanza, mtu awe amezuiwa kabisa, kila upande, asiweze kuondoka mahali alipo. Ya pili, awe amezuiwa kwa kusudi la mwenzake, si kwa ajali. Ya tatu, yule aliyemzuia awe hana mamlaka ya sheria ya kufanya hivyo.

Msomaji na aangalie mambo ambayo hatukuyataja. Hatukutaja ukuta wala kufuli, kwa kuwa mtu aweza kufungwa mahali peupe, akizungukwa na wenye silaha au akitishwa kwa maneno yenye nguvu. Hatukutaja jeraha wala hasara ya mali, kwa kuwa kunyimwa uhuru ndiko jeraha lenyewe. Wala hatukutaja hatia. Sheria haiulizi kwanza, "Mtu huyu ametenda nini?" Huuliza, "Wewe uliyemshika, ni nani aliyekupa mamlaka?" Tena mdai akiisha kuonyesha kwamba alizuiwa, mzigo wa kujibu huwa juu ya aliyemzuia, asipoonyesha mamlaka yake, ameshindwa. Wazee husema, "Mnyonge hana haki." Katika jambo hili sheria imeweka kinyume chake: mwenye nguvu ndiye atakiwaye kujieleza.

Tukiisha kushika hayo, twende Tabora. Lakini twasema wazi kwamba sheria hii haikuwako Unyanyembe siku za misafara, wala hatumhukumu mtu wa zamani kwa sheria asiyoijua. Twaitumia kama pishi ya kupimia, tupate kuona kila namna ya kuzuiwa ilikuwa na uzito gani.

Namna ya kwanza ni kufungwa kwa njia. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aliifunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, kwa sababu ya ugomvi wake na Waarabu wa Unyanyembe na mtemi wa huko, Mkasiwa. Wakati huo Henry Morton Stanley alikuwa amefika Kwihara, karibu na Tabora, tangu mwezi wa Juni, akimtafuta Daktari Livingstone. Waarabu wakaenda vitani, naye Stanley akafuatana nao. Wakashindwa, na mwezi wa Agosti watu wa Mirambo wakaingia Tabora yenyewe na kuichoma. Stanley akakaa Kwihara hata mwezi wa Septemba. Je, alikuwa amefungwa? Kwa Kiswahili njia ilifungwa. Lakini yeye mwenyewe hakufungwa. Twajua hivyo kwa alivyofanya: alizunguka kwa kusini kupitia Ukonongo, akafika Ujiji mwezi wa Novemba. Majaji wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuliamua jambo la namna hii mwaka 1845. Sehemu ya daraja la Hammersmith, mjini London, ilikuwa imezungushiwa ua kwa ajili ya watu waliolipa ili watazame mashindano ya mashua. Mtu mmoja akaupanda ua, akazuiwa asiendelee mbele, lakini akaambiwa yu huru kurudi alikotoka. Wengi wa majaji wakasema kwamba amezuiwa njia, naye huenda ana haki ya kulalamika kwa hilo, lakini hakufungwa. Kwa kuwa mfungwa ni yule asiye na upande wowote wa kuondokea. Hata watu waliosimamishwa njiani na watemi mpaka walipe hongo, ikiwa waliachiwa kurudi nyuma, hawakuwa wafungwa katika maana ya sheria.

Namna ya pili ni kongwa na mnyororo. Mateka waliotoka Manyema na nchi za mbali za magharibi walipitishwa Tabora, wengine wakauzwa hapo hapo, wengine wakapelekwa pwani. Kwao nguzo mbili za kwanza zilikuwako bila shaka: walizuiwa kila upande, tena kwa kusudi. Shida iko kwenye nguzo ya tatu. Bwana mwenye mnyororo, kama angaliulizwa, "Ni nani aliyekupa mamlaka?" angalijibu, "Sheria. Mtu huyu ni mali yangu." Na kwa desturi na hukumu zilizokubaliwa njiani pote na pwani, jibu lake lingalipokewa. Hapa ndipo tunapoona udhaifu wa sheria yenyewe: mamlaka ikiwa ni dhuluma, kuulizia mamlaka hakumwokoi mtu.

Lakini swali lile halikukosa kazi. Mwaka 1771 mtu mweusi aitwaye James Somerset, aliyeletwa London kutoka Amerika na bwana wake, alitoroka. Akakamatwa, akafungwa minyororo katika meli iliyokuwa tayari kwenda Jamaica, apate kuuzwa huko. Rafiki zake wakaomba amri ya mahakama, ile imwagizayo mwenye kumshika mtu amlete mbele ya jaji na kueleza sababu. Nahodha akamleta, akaeleza kwamba huyu ni mtumwa. Tarehe 22 Juni 1772 jaji mkuu, Lord Mansfield, akaamua kwamba sababu hiyo haitoshi katika Uingereza, kwa kuwa hakuna sheria ya huko impayo bwana mamlaka ya kumshika mtu na kumpeleka ng'ambo kwa nguvu. Somerset akaachiwa. Hukumu haikukomesha utumwa duniani, wala katika makoloni ya Waingereza. Ilifanya jambo moja tu: ilimwondolea bwana jibu lake.

Katika nchi zetu mambo yalikwenda kwa njia iyo hiyo, ila kwa kuchelewa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali kukomesha biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la Unguja. Mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Lakini amri hizo zilizuia kuuza na kusafirisha. Hazikumwambia mtu aliyekuwa mtumwa kwamba sasa yu huru. Mwaka 1897 serikali ya Unguja iliondoa hali ya utumwa katika sheria, maana yake mahakama hazingekubali tena neno "huyu ni mtumwa wangu" kuwa hoja. Huku bara Wajerumani, waliozivunja nguvu za mtemi Isike wa Unyanyembe mwezi wa Januari 1893, hawakufanya hivyo. Kwa amri ya mwaka 1901 waliruhusu mtumwa ajikomboe kwa fedha, na kwa amri ya mwaka 1904 wakaagiza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru. Bali utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa. Ndipo mwaka 1922, chini ya serikali ya Kiingereza, sheria ya Tanganyika ilipouondoa kabisa. Tangu siku ile, mtu wa Tabora ambaye angalimfunga mwenzake kwa kusema ni mtumwa wake, angalikuwa hana jibu, sawasawa na yule nahodha wa mwaka 1772.

Namna ya tatu ni ya mpagazi. Wengi hudhani kwamba wachukuzi wote wa misafara walikuwa watumwa. Sivyo. Wanyamwezi waliobeba pembe na nguo kati ya Tabora na pwani, wengi wao walikuwa watu huru, wenye kupatana ujira, tena wenye sifa ya kazi yao. Safari ilikuwa ndefu: Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Katika safari kama hiyo wako wapagazi waliotupa mizigo na kutoroka, na pengine walikwisha pokea sehemu ya ujira. Stanley ameandika mwenyewe jinsi watoro waliokamatwa walivyopigwa na kutiwa katika mnyororo wa watumwa, nao walikuwa watu wa kuajiriwa. Hapa ndipo kipimo chetu kinapofaa zaidi, kwa kuwa mpagazi huyo hakuwa bila kosa. Alivunja mapatano, alikula fedha ya watu. Watu wa kijijini wangesema, "Hakufungwa bure." Sheria husema alifungwa kwa dhuluma, kwa sababu aliyevunja mapatano anadaiwa deni, hadaiwi mwili wake.

Mtu aweza kutujibu kwa kesi ya wachimba makaa, iliyoamuliwa na Baraza la Malordi mwaka 1914. Mchimbaji mmoja alikataa kazi katikati ya zamu, akataka apandishwe juu kutoka shimoni mara hiyo. Mwajiri akakawia kumpandisha. Malordi wakasema hakufungwa, maana alishuka kwa mapatano ya kupandishwa zamu iishapo. Lakini tazama tofauti. Mwajiri yule hakumtia mkono mtu wake. Alikataa tu kumpa chombo cha kupandia kabla ya wakati. Mpagazi hakuomba chombo. Aliomba aende kwa miguu yake mwenyewe, naye akazuiwa kwa chuma.

Namna ya nne ni ya wafungwa wasio na mnyororo. Mjini Tabora watumwa wengi hawakufungwa kitu. Walilima, walichota maji, walipika, wengine walitumwa safari za mbali na mali ya mabwana zao. Mgeni aliyewaona aliweza kusema kwamba wako huru kuondoka. Lakini sheria, inapouliza kama ilikuwako njia ya kutokea, huuliza njia ambayo mtu wa akili timamu aweza kuipita bila kuhatarisha maisha yake. Mtoto aliyeletwa kwa miguu kutoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika, asiyeijua lugha ya mji wala jina la njia, ambaye akitoka atakamatwa na wa kwanza amwonaye, njia hana. Umbali wa kwao ndio ukuta wake. Wala haidhuru kama mtoto huyo hakujua kwamba amefungwa. Mwaka 1919 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua habari ya mfanyakazi wa kiwanda cha ndege za angani, aliyeitwa ofisini kwa shuku ya wizi, akakaa akingoja, huku walinzi wamesimama nje ya mlango bila yeye kujua. Majaji wengi waliona amefungwa vile vile. Uhuru wa mtu huweza kuondolewa naye akiwa amelala.

Namna ya tano yatuhusu sisi watu wa misheni kwa karibu zaidi. Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, Waingereza wa C.M.S. na wa U.M.C.A. waliokuwa katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani waliwekwa kizuizini, na mwishowe wengi wao walikusanywa Tabora, hata Wabelgiji walipoingia mjini mwezi wa Septemba 1916 na kuwafungulia. Mateso yao yameandikwa katika vitabu. Lakini tukiwapima kwa sheria, hatuwezi kusema upesi kwamba kule kushikwa kwao kulikuwa kifungo cha dhuluma. Kwa kuwa serikali iliyo vitani ina mamlaka ya kuwazuia raia wa adui, na mahakama za Uingereza zenyewe, katika vita hivyo hivyo, zilikataa kumfungulia Mjerumani aliyezuiwa huko. Namna walivyotendewa ni swali jingine.

Lakini walikuwako wengine. Walimu na makasisi Waafrika wa misheni hizo walikamatwa nao, kwa shuku kwamba ni wapelelezi, na wako waliotiwa minyororo na kupelekwa Tabora. Hao hawakuwa raia wa adui. Walikuwa watu wa nchi hii, chini ya serikali ile ile iliyowafunga. Kosa lao lilikuwa kwamba walifundishwa na Waingereza. Shuku yaweza kuwa sababu ya kumpeleka mtu mbele ya hakimu. Kuwa mamlaka ya kumweka mnyororoni muda wote apendao mwenye nguvu, haiwezi. Kwa hiyo, ikiwa twatafuta katika habari za Tabora mfano ulio wazi wa kifungo cha dhuluma baada ya siku za kongwa, hatuna haja ya kwenda mbali. Ni hao waliotutangulia katika kazi hii, nao walitiwa minyororo shingoni katika nchi ile ile waliyopitishwa mateka.

Sasa turudi kwa neno la kijijini. Mtu asiye na hatia akishtakiwa, akahukumiwa na mahakama yenye mamlaka, akatiwa gerezani, amefungwa bure kwa maana ya watu, na huzuni yake ni ya kweli. Lakini aliyemfunga alikuwa na mamlaka. Dawa yake ni rufani. Na ikiwa aliyemshtaki alifanya hivyo kwa chuki, bila sababu ya haki, naye akashinda mwishoni, aweza kumdai mshtaki huyo kwa kosa jingine, yaani mashtaka ya hila. Makosa hayo mawili ni ndugu, lakini hayavai kanzu moja, na mwalimu aulizwaye shauri na watu wake afadhali ayatenge.

Leo katika Tanzania uhuru wa mtu umelindwa kwa Katiba ya mwaka 1977, katika haki zilizoongezwa mwaka 1984, isemayo kwamba mtu asishikwe wala asifungwe ila kwa taratibu zilizowekwa na sheria. Sheria ya makosa ya jinai nayo huadhibu kumfungia mtu isivyo halali, na yaliyo karibu na kosa hilo ni kununua au kuuza mtu kama mtumwa na kumshurutisha mtu kazi isivyo halali. Watunga sheria waliyaweka makosa hayo pamoja kana kwamba waliijua njia ya Tabora. Tena mtu asiye polisi, akimshika mwenzake aliyemwona akitenda kosa kubwa, imempasa amkabidhi kwa polisi bila kukawia; asipofanya hivyo, mamlaka yake imekwisha, hata kama aliyeshikwa ni mwizi kweli.

Basi twawasihi ndugu zetu walimu na mapadre wayaangalie mambo yatokeayo katika kazi zetu wenyewe. Kijana ashukiwaye kuiba sadaka akifungiwa stoo usiku kucha mpaka akiri, hicho ni kifungo cha dhuluma. Mgonjwa aliyepona akizuiwa getini kwa sababu ndugu zake hawajalipa, ni mpagazi yule yule: ana deni, lakini mwili wake si rehani. Mgonjwa wa akili akifungwa kamba mtini katika nyumba ya maombi, nia njema ya waombao haiwi mamlaka. Msichana akizuiwa asitoke nyumbani mwa mtu hata akubali ndoa, hakuna mnyororo wowote hapo, lakini amefungwa. Bali mwalimu amwekaye mtoto darasani kitambo baada ya masomo, kwa adhabu ya kiasi, ana mamlaka aliyopewa na kazi yake, asipoivuka mipaka.

Tulisema kwamba neno gereza lilitoka katika neno la kanisa. Ni habari ya lugha tu, wala hatutaki kuitundikia mahubiri. Ila mwalimu mwenye ufunguo wa stoo mfukoni, siku atakapoletewa kijana aliyeshikwa na watu wenye hasira, na ajiulize kwanza swali lile lililomshinda nahodha. Akiona hana jibu, amweke kijana uani mbele ya macho ya watu, asije akapigwa, amtume mtu upesi kwa polisi, wala asiufunge mlango.